z/OS

z/OS ni mfumo endeshi wa kompyuta kuu za kampuni ya IBM ya Marekani. Hutumiwa hasa na mabenki, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali, ambako maelfu ya watu hutegemea mashine moja kwa wakati mmoja. Muundo wake wa ndani umefuata masharti mawili tangu mwanzo: kazi ya mmoja isiharibu ya mwenzake, na programu ya zamani isiachwe nyuma mashine inapobadilika.

Asili

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta za ukubwa tofauti zilizoweza kuendesha programu zilezile. Mfumo wake endeshi, OS/360, ulijengwa chini ya uongozi wa Frederick Brooks, ambaye mwaka 1975 alieleza ugumu wa kazi hiyo katika kitabu cha The Mythical Man-Month. Mwaka 1974 ilitoka MVS, iliyoweka msingi wa muundo unaotumika hadi leo. Baada ya matoleo kadhaa ilifuata OS/390, na mwaka 2001 z/OS ikaanza kutumika.

Nafasi za anwani

Katika MVS, kila mtumiaji na kila kazi hupewa nafasi yake ya anwani, yaani kumbukumbu inayoonekana kana kwamba ni yake peke yake. Anwani ileile katika nafasi mbili huelekeza mahali tofauti, kama nyumba namba 10 ya mtaa mmoja isivyo nyumba namba 10 ya mtaa mwingine. Prosesa yenyewe ndiyo inayotafsiri anwani hizo kuwa mahali halisi kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa za kilobaiti 4, na ukurasa usiotumika unaweza kuhamishiwa kwenye diski hadi utakapohitajika tena. Sehemu chache, kikiwemo kiini cha mfumo, huonekana katika nafasi zote.

Mwanzoni anwani ilikuwa na biti 24, hivyo nafasi moja ilikomea megabaiti 16. Katika miaka ya 1980 zikawa biti 31, sawa na gigabaiti 2. Biti ya 32 haikuhesabiwa kwa sababu hutumika kuonyesha kama programu inafuata anwani za kale au mpya. Ndiyo maana programu za vizazi viwili huweza kuitana. z/OS hutumia biti 64, lakini mipaka ya megabaiti 16 na gigabaiti 2 bado inaheshimiwa ndani yake.

Kiini na mgawaji wa kazi

Mfumo hujitambua kupitia majedwali yanayoelekezana. Katika anwani 16 huwekwa anwani ya jedwali kuu, CVT, na kuanzia hapo programu inaweza kuyafikia majedwali mengine. Kila nafasi ya anwani ina jedwali lake, ASCB, na kila kazi ndani yake ina TCB. Mgawaji wa kazi huyapitia majedwali haya kuchagua nani apewe prosesa. Tangu mwaka 1994 msimamizi wa mzigo, WLM, huongoza uchaguzi huo kwa malengo yaliyowekwa na wenye mashine, kwa mfano muda ambao muamala wa benki haupaswi kuuzidi.

Mikatizo

Udhibiti hurudi kwenye kiini kwa njia ya mikatizo, yaani matukio yanayoisimamisha programu kwa muda. Ni ya aina sita: wa nje, wa vifaa, wa ombi la programu, wa kosa la programu, wa hitilafu ya mashine na wa kuanzishwa upya. Mkatizo unapotokea, prosesa huhifadhi PSW, yaani rejesta inayoonyesha programu imefika wapi na ina mamlaka gani, kisha hupakia PSW ya kiini. Programu huomba huduma kwa amri ya SVC yenye namba. SVC 13, kwa mfano, husitisha kazi.

Ulinzi

Kila fremu, yaani kipande cha kilobaiti 4 cha kumbukumbu halisi, ina ufunguo wa 0 hadi 15. Programu ya kawaida hutumia ufunguo wa 8; ikijaribu kuandika kwenye fremu ya mfumo yenye ufunguo wa 0, prosesa huikataa na kazi husimamishwa kwa msimbo S0C4. Mwaka 1973 IBM ilitoa ahadi rasmi kuwa njia yoyote ya kukwepa ulinzi huu itahesabiwa kuwa kasoro ya kurekebishwa.

Kazi za bechi na vifaa

Kusoma na kuandika diski hukabidhiwa chaneli, yaani sehemu ya mashine inayoshughulikia vifaa, ili prosesa iendelee na kazi nyingine. Kazi za bechi, yaani zinazoendeshwa bila mtumiaji kuzisimamia, hupokelewa na programu ya JES2, ambayo huzipanga foleni na kutunza matokeo hadi yachapishwe. Asili yake ni HASP, programu iliyoandikwa na wafanyakazi wa IBM mjini Houston walipoihudumia NASA.

Uendelevu

Kiini huambatanisha huduma zake na taratibu za uokoaji: kosa likitokea, utaratibu husika hurekebisha majedwali ili kazi moja ianguke bila kuangusha mashine nzima. Katika mpangilio uitwao Parallel Sysplex, mifumo hadi 32 hutumia data kwa pamoja, hivyo mmoja unaweza kuzimwa kwa matengenezo huku mingine ikiendelea kuhudumia wateja.