Nani kasema mkimbiaji hanywi maji?

Nimepotea kidogo, mnajua tena mambo ya test na assignment. Jana tulipangiwa shule za BTP, na mwenzangu wa chumba akaanza kunitania eti nikifika huko nitapewa uticha wa michezo kwa sababu nakimbia kila asubuhi. Tukacheka, lakini usiku nikakosa usingizi. Nilikumbuka kidato cha pili.

Siku ile tulikimbia mbio za nyika, kama kilomita 10 hivi, jua la saa sita. Mwalimu alikuwa ameshatuonya: atakayeonekana bombani ana viboko vyake, maana maji "yanalegeza miguu". Mwenzetu mmoja akaanza kuyumba kama mlevi, halafu puu, chini! Tulimbeba hadi chini ya mwembe, tukampepea na madaftari. Alipona, namshukuru Mungu. Ila nimejiuliza miaka yote hii: mwalimu wetu aliyatoa wapi yale mafundisho?

Basi bwana, nikaingia maktaba. Kumbe hakuyatunga yeye.

Mwaka 1904 Olimpiki ilifanyika St. Louis, Marekani. Marathoni ilikimbiwa tarehe 30 Agosti, joto kali, barabara ya vumbi, magari yakipita mbele na nyuma. Msimamizi mkuu, James Sullivan, alipanga maji yawe ya shida makusudi, kwa sababu alitaka kuona mwili ukinyimwa maji unakuwaje. Yaani watu waligeuzwa panya wa maabara! Walioanza walikuwa 32, waliomaliza 14. Mshindi, Thomas Hicks, aliomba maji ya kunywa, wasaidizi wake wakakataa, wakamsugua mdomo kwa sponji tu. Halafu wakampa ute wa yai uliochanganywa na strikinini (ndiyo, ile sumu), baadaye na brandi. Alimaliza kwa saa 3:28:53, akiwa anashikiliwa huku na huku.

Na humo humo walikuwemo Waafrika wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani. Walikuwa wamekwenda St. Louis kwa ajili ya maonyesho ya Vita vya Makaburu, wakajitosa kwenye mbio. Mmoja akawa wa 9, mwingine wa 12. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Mimi nimesoma historia tangu msingi na sikuwahi kuwasikia!

Imani hiyo ilidumu. Mwaka 1954 kule Vancouver, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiwa mbele kwa zaidi ya dakika 15, lakini joto na ukavu wa mwili vilikuwa vimemmaliza. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena mara nyingi, hakumaliza, na hakukimbia marathoni tena maishani. Kanuni za kimataifa za miaka hiyo zilitaka vinywaji vitolewe baada ya kilomita 15, na mkimbiaji haruhusiwi kubeba vyake.

Halafu dunia ikageuka upande wa pili. Mwaka 1965, Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza Gatorade: maji, chumvi na sukari. Biashara ikanoga, na ushauri ukawa "kunywa kadiri uwezavyo". Nako kukazaa msiba. Katika Boston Marathon ya 2002, mkimbiaji alifariki kwa sababu maji yalizidi hadi chumvi ya damu ikashuka mno. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa mbio hizo hizo walichapisha majibu mwaka 2005: asilimia 13 walikuwa na tatizo hilo. Kumbe maji nayo huua yakizidi!

Sasa ile jeli ya kwenye kipakiti, ambayo wengine huiona ya kizungu, ni sukari nzito tu. Akiba ya wanga mwilini huweza kukauka baada ya kilomita 30 hivi, miguu ikagoma, ndipo mkimbiaji anafyonza kipakiti na maji kidogo. Sisi tulilamba glukosi ya boksi kwa kazi ile ile. Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia Berlin 2018 kwa saa 2:01:39, alikuwa akipokea chupa zake njiani. Na kule Vienna 2019 alipokimbia chini ya saa 2, kupewa vinywaji na mwendesha baiskeli ni moja ya sababu ambazo hazikuruhusu ihesabiwe rekodi. Ona basi jinsi maji yalivyo jambo kubwa.

Kwa hiyo wenzangu wa ualimu, tunaokwenda BTP tusirithi kila kitu. Mwalimu wetu hakuwa katili, alitufundisha alichofundishwa, na huenda hata yeye alinyimwa maji. Lakini sisi tumeshasoma. Mkinikuta huko nimepewa uticha wa michezo, mtaona ndoo yenye mfuniko, kata, kila mtoto na kikombe chake, anakunywa akisikia kiu. Na mbio ni asubuhi, si saa sita.

Yule rafiki yangu wa chini ya mwembe tunawasiliana hadi leo. Nilipomweleza haya alicheka, halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa wewe usisahau hiyo ndoo."

Sitasahau. Haya, naenda msuli. Tuko pamoja.