Kodi Ilipwe, Bomba Livuje

Kila mpangaji anaijua kauli hii: lipa kwanza, matengenezo yatafuata. Akiitamka mwenye nyumba wa mtaani tunamwita bahili, yanaisha. Je, mwenye nyumba akiwa ni serikali, na nyumba zenyewe zimejengwa kwa ajili ya wanyonge? Mimi nimekuwa mpangaji wa chumba kimoja tangu nimalize sekondari, na swali hili limenifikisha mbali, hadi mji wa St. Louis, Marekani. Nakileta kisa cha huko kwa sababu wapangaji wake walilitafutia jibu kwa mgomo, na mgomo huo ulichangia kubadili sheria ya nchi nzima.

Majumba hayo yaliitwa Pruitt-Igoe. Yalikuwa 33, kila moja ghorofa 11, yenye fleti 2,870 kwa jumla. Aliyeyachora ni Minoru Yamasaki, huyo huyo aliyekuja kuchora maghorofa pacha ya New York yaliyoangushwa mwaka 2001. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1954. Wengi walitoka katika vijumba vibovu vya mjini, wakaona wamefika peponi: maji ya bomba ndani, umeme, joto wakati wa baridi.

Ubahili ulianza mapema. Ili gharama zishuke, lifti zilisimama ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Wewe wa ghorofa ya 6, shauri yako, malizia kwa ngazi na mtoto mgongoni na mfuko wa viazi mkononi. Vitasa na vifaa vingine vilinunuliwa vya bei poa, vikaharibika upesi.

Lakini kiini cha balaa hakikuwa kitasa. Kilikuwa hesabu. Kwa utaratibu wa wakati ule serikali kuu ilibeba gharama za kujenga. Baada ya hapo matunzo yote, kuanzia mshahara wa fundi hadi balbu ya ngazini, yalitegemea kodi ya wapangaji. Kwenye karatasi inapendeza. Kumbe mji wenyewe ulikuwa unakimbiwa! Mwaka 1950 ulikuwa na watu 856,796. Mwaka 1970 walibaki 622,236. Wazungu wenye uwezo walihamia nje ya mji, na kazi nyingi zikawafuata. Waliobaki Pruitt-Igoe walikuwa hasa watu weusi, wengi wao akina mama wanaolea watoto peke yao.

Fleti zikaanza kubaki tupu. Fleti tupu hailipi kodi. Kodi ikipungua, fundi haji. Fundi asipokuja, mwenye uwezo naye anahama. Na waliobaki? Wakapandishiwa kodi. Yaani kadiri nyumba ilivyozidi kuoza, ndivyo bei yake ilivyozidi kupanda. Biashara gani hiyo, ndugu msomaji? Hata muuza samaki wa Feri, samaki akianza kuvunda, anapunguza bei.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwapo wapangaji waliotoa zaidi ya nusu ya kipato chao kulipia madirisha yaliyovunjika na lifti zilizokwama. Februari 1969 wakasema basi. Zaidi ya wapangaji elfu moja wa nyumba za umma za St. Louis, si wa Pruitt-Igoe peke yao, waligoma kulipa. Mbele yao walikuwapo Jean King, mpangaji mwenzao, na Mchungaji Buck Jones. Hawakuwa wakidai kukaa bure. Walitaka kodi ilingane na kipato, nyumba zitengenezwe, na wapangaji wawe na sauti katika uendeshaji. Mgomo ulidumu hadi Oktoba, wakakubaliwa.

Desemba mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha pendekezo la Seneta Edward Brooke, mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi: kodi ya nyumba za umma isizidi robo ya kipato cha mpangaji. Serikali kuu nayo ikaanza kuchangia fedha za uendeshaji. Mwaka 1981 kiwango kilipandishwa kuwa asilimia 30, ila msingi ukabaki.

Pruitt-Igoe yenyewe haikupona. Jengo la kwanza lililipuliwa kwa baruti tarehe 16 Machi 1972, na kufikia mwaka 1976 yote 33 yalikuwa yamebomolewa. Hapo ndipo wasemaji walipojitokeza. Wengine walimlaumu mchoraji. Charles Jencks aliandika mwaka 1977 kwamba usanifu wa kisasa ulifia pale. Wengine wakasema eti wapangaji ndio waliokula nyumba. Ni rahisi kumlaumu mtu aliyekwisha kuhamishwa, hayupo kujibu.

Mimi nasema aliyekuwa na deni ni mwenye nyumba. Kodi siyo sadaka wala ushuru wa kuruhusiwa kupumua. Ni malipo ya paa lisilovuja, mlango unaofunga, lifti inayopanda. Anayepokea hela halafu asitoe hivyo ndiye mdaiwa, hata kama daftari la kodi liko mkononi mwake.

Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapangaji wa St. Louis waliuliza jambo ambalo methali imeliacha: fedha ya kuziba ufa tumekupa kila mwezi, iko wapi?