Chema Chajiuza? Insha juu ya Sauti katika Kompyuta ya Michezo

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni penye samaki na ndizi, maana huko mnunuzi huona kwa macho, hunusa kwa pua na hupapasa kwa mkono kabla ya kutoa fedha yake. Lakini viko vitu ambavyo wema wake haujulikani mpaka vimekwisha kununuliwa na kupelekwa nyumbani. Vyombo vya sauti ni katika jamii ya vitu hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa ameweka akiba kwa miezi mingi, aliniuliza anunue kadi gani ya sauti ili kompyuta anayochezea michezo isikike vizuri zaidi. Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni lugha na habari za mambo yaliyopita. Basi nilimjibu kwa historia, na jibu hilo ndilo ninaloliandika hapa, kwa kuwa naamini ya kwamba asiyejua asili ya chombo huwa mateka wa mwenye duka.

Kompyuta ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 haikuundwa kwa ajili ya burudani. Ilikuwa chombo cha ofisi, na ndani yake mlikuwa na spika ndogo ambayo kazi yake ilikuwa kuarifu na kuonya: mlio mmoja kusema ya kuwa mashine imeamka salama, milio kadhaa kusema ya kuwa ina hitilafu. Kwa kawaida yake spika hiyo ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Watungaji wa michezo waliifanyia kila hila, lakini njuga haiwi zeze. Mwaka 1984 IBM yenyewe ilijaribu kuuza mashine ya nyumbani, PCjr, yenye sauti tatu za muziki kwa pamoja. Wanunuzi hawakuipenda kwa sababu nyingine, na mwaka 1985 iliondolewa.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1987, na yalitoka pande mbili za dunia. Huko Québec, Kanada, Martin Prevel, aliyekuwa profesa wa muziki, alitoa kadi iliyoitwa AdLib. Moyo wake ulikuwa chipu ya Yamaha yenye sauti tisa, iliyofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: wimbi moja likitikiswa na wimbi jingine kwa kasi, huzaliwa mlio wenye utajiri ambao wimbi moja peke yake haliwezi kuutoa. Mwaka huo huo Roland ya Japani ilitoa MT-32, chombo kilichokusudiwa wanamuziki wala si wachezaji, ambacho kilichanganya vipande vya sauti za ala halisi na milio iliyotengenezwa ndani yake. Mwaka 1988 kampuni ya Sierra ilitoa mchezo wa King's Quest IV, ambao muziki wake ulitungwa na William Goldstein, mtunzi wa muziki wa filamu, na mchezo huo uliweza kusikika kwa vyombo vyote viwili. Aliyevisikia vyote viwili hakuwa na haja ya kuambiwa kipi ni bora. Lakini MT-32 ilihitaji zaidi ya dola 500, na wachezaji wengi waliridhika na AdLib. Hapo chema kilishindwa kujiuza, nacho kilishindwa na bei.

Wa tatu kufika alitoka Singapore. Sim Wong Hoo, aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki Januari 2023, alianzisha kampuni ya Creative mwaka 1981 kwa kutengeneza kompyuta za watu katika duka dogo. Kadi yake ya kwanza ya muziki, ya mwaka 1987, haikupata wapenzi wengi. Kushindwa huko kulimfundisha jambo ambalo kushinda kusingalimfundisha. Mwaka 1989 alitoa Sound Blaster, na ndani yake alitia chipu ile ile ya Yamaha iliyokuwamo katika AdLib, hata mchezo wowote uliotungwa kwa ajili ya AdLib ukasikika humo pasipo kubadilishwa. Fauka ya hayo aliongeza njia ya kutolea sauti iliyorekodiwa, kama vile usemi wa mtu au mshindo wa bunduki. Akaongeza pa kuchomeka maikrofoni, na pa kuchomeka usukani wa kuchezea ambao hapo kwanza ulihitaji kadi yake peke yake. Mnunuzi alipata vitu vitatu katika nafasi moja. Ad Lib iliyochelewa kujibu ilifilisika mwaka 1992.

Kuanzia hapo swali la mnunuzi halikuwa tena, "Kipi chasikika vizuri?" bali, "Mchezo wangu wazungumza na kipi?" Katika siku zile kila mchezo ulipaswa kuijua kadi yenyewe kwa anwani yake. Aliyeweka mchezo wa Doom, wa mwaka 1993, aliulizwa kwanza ana kadi gani, na wengi wa rika lile wanakumbuka hata leo tarakimu 220, anwani ya Sound Blaster, kama mtu akumbukavyo namba ya nyumba aliyokulia. Kadi ya Gravis Ultrasound, ya Kanada, iliyotoka mwaka 1992, iliweza kuchanganya sauti 32 za ala zilizorekodiwa na ilipendwa na watunzi. Lakini haikuweza kuiiga Sound Blaster sawasawa, na michezo mingi haikuijua. Ikawa kama mwimbaji hodari katika ukumbi usiojua lugha yake. Kwa mara ya pili chema hakikujiuza, na safari hii kilishindwa na mazoea.

Ukuta huo ulianza kubomoka mwaka 1995, Windows 95 ilipokuja. Mchezo ulianza kuzungumza na Windows, na Windows ikazungumza na kadi. Mwaka 1997 Intel iliweka kanuni ya AC'97, ambayo kwayo sauti iliingia katika ubao mkuu wa kompyuta kwa gharama ndogo. Wauza kadi walilazimika kutafuta sababu mpya ya kuwapo, na sababu hiyo ilikuwa mahali: si sauti gani tu, bali sauti inatoka wapi. Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na mikunjo ya sikio huibadilisha kidogo kwa kadiri itokavyo mbele, nyuma au juu. Kampuni ya Aureal ya Marekani, kwa elimu iliyotokana na utafiti uliofanywa pamoja na NASA, iliiga mambo hayo kwa hesabu, na aliyecheza Half-Life mwaka 1998 kwa kadi yake aliweza kugeuka kabla hajamwona adui. Mwaka huo huo Creative iliishtaki Aureal kwa madai ya hataza. Mwaka 1999 Aureal ilishinda mahakamani. Mwaka 2000 ilifilisika chini ya mzigo wa gharama, na mali yake ikanunuliwa na Creative hiyo hiyo. Mara ya tatu chema kilishindwa hali kina haki mkononi. Windows Vista ya mwaka 2007 ilipoziondolea kadi njia ya zamani ya kuishika sauti ya michezo, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibaki kufanywa na programu.

Je, historia hii yamfaa nini mwenye akiba mfukoni? Yamfaa sana. Kazi iliyofanya kadi iwe lazima imekwisha kuhamia ndani ya mchezo wenyewe: Counter-Strike: Global Offensive, kwa mfano, mwaka 2016 ilipewa hesabu ya sikio, ambayo hapo zamani ilitafutwa katika kadi, na aliyevaa hedifoni ya kawaida aliipata bila kununua kitu. Hivyo fedha ya kwanza iende kwenye kile kinachogusa sikio, yaani hedifoni au spika, maana hapo ndipo tofauti husikika wazi. Hedifoni iliyo wazi mgongoni huipa sauti nafasi, lakini huvujisha kelele ndani na nje. Iliyofungwa hufaa chumba chenye watu. Isiyo na waya, ikitumia Bluetooth, huweza kuichelewesha sauti nyuma ya picha. Ikisikika milio ya umeme kutoka ndani ya mashine, au hedifoni ikihitaji nguvu kuliko iliyopo, basi kigeuzi cha sauti cha nje chenye kuchomekwa kwa USB ni dawa halali. Pasipo ugonjwa huo, dawa ni ya nini? Na anayeahidiwa hedifoni ya spika saba akumbuke ya kuwa Mungu amempa masikio mawili. Ujuzi wa mahali hufanywa na hesabu, na hesabu mbili zikiwekwa juu ya sauti moja, huiharibu.

Mwanafunzi wangu aliacha kadi, akanunua hedifoni kwa nusu ya akiba yake, na nusu akaibakiza. Sikumwambia ya kuwa methali ya wahenga ni ya uongo. Nilimwambia ya kuwa chema hujiuza mbele ya mnunuzi anayekijua tu. Mbele ya asiyekijua, chema na kibaya hutembezwa pamoja, na mwenye sauti kubwa ndiye auzaye.