Sumu ya Soseji na Makunyanzi ya Uso

Sindano zinazotumiwa leo kulainisha makunyanzi ya uso hazikubuniwa na watu wa urembo, kwani asili yake ni vifo vya watu waliokula soseji zilizoharibika katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19. Justinus Kerner, tabibu wa serikali aliyejulikana pia kwa ushairi wake, alieleza katika maandishi yake ya 1820 na 1822 jinsi kope za wagonjwa hao zilivyolegea, midomo ikakauka na pumzi ikawapungukia, ilhali akili zao zilibaki timamu. Alijijaribia sumu hiyo mwilini mwake mwenyewe, ujasiri uliopakana na wazimu, kisha akakisia kwamba kiasi chake kidogo kingeweza kutuliza maradhi yanayoifanya misuli kuchezacheza bila hiari.

Chanzo cha sumu kilijulikana baada ya wanamuziki wa kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, kula paja la nguruwe lililotiwa chumvi baada ya mazishi mnamo Desemba 1895, na watatu kati yao wakafa. Emile van Ermengem alitenga katika nyama hiyo bakteria, yaani kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho hustawi pasipo hewa. Baadaye ilibainika kwamba sumu yake huzuia ncha za neva kutoa asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze, hivyo msuli hulegea kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo ilipotofautiana na parafini, ambayo daktari Robert Gersuny wa Vienna aliitumia mwishoni mwa karne ya 19 kujaza sehemu zilizobonyea na ambayo iliwaachia wengi vivimbe vigumu chini ya ngozi: parafini iliongeza kitu mwilini, ilhali sumu huondoa mwendo unaoikunja ngozi.

Kuisafisha sumu hiyo kulikuwa kazi ya kivita. Edward Schantz, aliyefanya utafiti katika kambi ya kijeshi ya Marekani iitwayo Fort Detrick, ndiye baadaye aliyempatia sumu hiyo Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco aliyetafuta namna ya kunyoosha makengeza bila upasuaji. Scott alichapisha majaribio yake kwa nyani mwaka 1973, akaendelea kwa binadamu, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha tiba hiyo kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe.

Urembo uliingia kwa mlango wa kliniki ya macho. Mwaka 1987, mjini Vancouver, Kanada, mgonjwa wa kope wa daktari Jean Carruthers alimlalamikia kwa kutomchoma sindano katikati ya nyusi, kwa kuwa kila alipochomwa hapo uso wake ulionekana umetulia. Carruthers na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992. Idhini rasmi ya mikunjo ya katikati ya nyusi ilitolewa Marekani mwaka 2002, ya pembe za macho 2013 na ya paji la uso 2017, ingawa kufikia wakati huo madaktari walikuwa wamekwisha kuzizoea sehemu hizo zote, sheria ikija nyuma yao.