Heshima ya Kitaaluma na Kitabu cha Darasa la Pili: Nani Ahesabiwe katika Vitivo vya Elimu?

Linapokuja suala la kuwapandisha vyeo wahadhiri wa ualimu, hoja inayoshinda ni moja: mafanikio ya mtafiti ni makala zake katika majarida yanayotambulika kimataifa. Burundi ni mwanachama wa CAMES, baraza la elimu ya juu la Afrika na Madagaska lenye makao yake Ouagadougou, ambalo huwapanga wahadhiri kwa madaraja na hutoa pia nishani za heshima. Tangu 2007 imo vilevile katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo baraza lake la vyuo vikuu liko Kampala. Sina ugomvi na upimaji wa pamoja. Mhadhiri anayepimwa na watu wasiomjua baba yake wala kilima anakotoka amekingwa na upendeleo, na Burundi inajua upendeleo uliitoza nini. Ninachokipinga ni dai kwamba kipimo kinachomfaa mkemia kinamtosha pia mtu ambaye kazi yake ni kujua mtoto anajifunzaje kusoma.

Ushahidi wangu mkuu unatoka ndani ya dunia ileile ya CAMES, ya nchi zinazotumia Kifaransa. Mwaka 2014 mpango wa PASEC ulipima wanafunzi wa nchi 10 za Afrika. Katika darasa la pili, watoto wa Burundi waliongoza katika lugha na katika hesabu. Karibu kote kwingine mtoto alipimwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi huikuta shuleni kwa mara ya kwanza; Mrundi alipimwa kwa Kirundi, lugha aliyofundishiwa. Mwishoni mwa shule ya msingi, Kifaransa kikiwa kimeshika nafasi, Burundi iliendelea kuongoza katika hesabu lakini Senegali iliipita katika kusoma. Mfuatano huo una uzito zaidi kuliko tuzo yoyote ninayoijua katika fani yetu.

Nani aliyaleta mafanikio hayo ya darasa la pili? Tangu miaka ya 1970, Kirundi kilipopewa madarasa ya mwanzo, waandishi wa mitaala wa ofisi ya elimu ya vijijini, ile inayojulikana kwa kifupi chake BER, walikaa na maswali ambayo kwa mtu wa nje yanaonekana madogo. Chukua neno imbwa. Mtoto wa wiki ya tatu hawezi kupewa konsonanti tatu zilizobanana hivyo. Aanze na mb au na bw? Akae muda gani kwenye silabi nyepesi kabla ya kuingia humo? Maandishi ya Kirundi hayaonyeshi kidatu, ingawa kidatu ndicho kinachotenga maana ya maneno mengi. Basi mwongozo umsaidie vipi mwalimu, ili mtoto asome kwa maana badala ya kutamka herufi tu? Kila jibu ni dhana inayojaribiwa darasani, inayoshindwa, inayorekebishwa. Huo ni utafiti. Lakini kitabu cha namna hiyo hubeba jina la ofisi, na jina la ofisi halimpandishi mtu daraja.

Nitaambiwa kwamba matokeo ya 2014 yana sababu nyingi, na kwamba haiwezekani kumgawia mwandishi mmoja alama za nchi nzima. Sehemu ya kwanza naikubali. Ya pili inahusu uhasibu tu, maana makala yenye waandishi sita nayo hugawiwa alama, na hakuna anayelalamika. Pingamizi zito zaidi ni ubora: kitabu cha kiada hupita kwa idhini ya wizara bila jopo la wanataaluma. Basi jopo liundwe.

Tanzania inatufundisha jambo hapa. Suleman Sumra, aliyekuwa profesa wa elimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitia nguvu zake katika Uwezo, mradi ulioanza 2009 wa kuwapima watoto nyumbani kwao kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili. Mjadala wa kitaifa juu ya kusoma uligeuzwa na takwimu hizo. Ninaamini hakuna makala ya jarida la elimu ya kipindi hicho iliyofikia mbali hivyo, ingawa sitarajii kila mhariri akubaliane nami.

Rudi sasa Burundi, hadi Muhuta, ambako vilima vya Mumirwa vinateremka hadi ziwani na barabara ya Bujumbura hadi Rumonge inapita katikati ya mitumbwi na mawese. Kadiri unavyokwenda kusini, ndivyo unavyozidi kukutana na mtoto anayetumia Kiswahili sokoni na mwaloni, Kirundi darasani, na anayesubiriwa na Kifaransa darasa la tano. Kitabu kilichofaulu 2014 kinachukulia kwamba Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani. Je, kwa mtoto wa Rumonge mjini, Kiswahili kinamharakishia kusoma Kirundi au kinamchanganya? Mtafiti atakayelijibu swali hili atahitaji miaka katika madarasa machache, na atatoka na mwongozo wa mwalimu wa kurasa hamsini. Kwa taratibu za sasa, mwenzake aliyebaki Bujumbura akatoa makala mbili za mapitio atamtangulia kwa cheo.

Pendekezo langu ni hili. Katika faili la kila mhadhiri wa Ecole Normale Supérieure na wa Taasisi ya Ualimu ya Chuo Kikuu cha Burundi, nusu ya alama za utafiti ziwekewe vifaa vilivyoingia darasani, viwe vimesomwa na wataalamu watatu wasiomjua mwandishi, na viwe na kumbukumbu za majaribio kutoka shule zilizotajwa kwa jina, ziwe za Gitaza au za Nyanza-Lac, ambako mkaguzi yeyote anaweza kwenda kuuliza.