Kikundi Kilitangulia Mtandao

Mtu akisema leo kwamba anasoma kozi mtandaoni, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja kwenye simu, bando na video za mwalimu aliye nchi ya mbali. Ukisikiliza wanaotangaza kozi hizo utadhani kusoma bila kukaa darasani, pamoja na wenzako msiojuana sura, ni jambo lililozaliwa na intaneti. Historia inasema vingine. Kusoma kwa namna hiyo kulikuwapo miongo mingi kabla ya kompyuta kufika majumbani, na ushahidi wake umehifadhiwa vizuri. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kila mahali palipopata matunda, kazi kubwa ilifanywa na mpangilio wa watu: kikundi kidogo, kiongozi aliyeandaliwa, saa inayojulikana, maandishi mkononi, na njia ya mshiriki kurudisha jibu lake likasikika. Chombo kilipoachwa kifanye kazi peke yake, matokeo yalikuwa hafifu, kiwe redio au intaneti.

Tuanzie Canada. Mwaka 1941 shirika la utangazaji la nchi hiyo, CBC, likishirikiana na chama cha elimu ya watu wazima na shirikisho la wakulima, lilianzisha kipindi cha taifa zima kilichoitwa National Farm Radio Forum. Kilirushwa Jumatatu usiku katika miezi ya baridi, wakati mkulima hana kazi kubwa shambani. Kabla ya kipindi, kila kikundi kilipokea kwa posta kijitabu cha mada ya wiki: bei za mazao, ushirika, afya, shule za vijijini. Majirani walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakasikiliza, wakazima redio, kisha wakajadili maswali yaliyochapishwa. Katibu aliandika walichoafikiana na walichotofautiana, akakituma ofisi ya jimbo. Na ofisi ilipewa dakika 5 hewani wiki iliyofuata kueleza vikundi vimesema nini. Kwa hiyo mkulima aliyekuwa amekaa na majirani zake jikoni alisikia hoja ya kikundi chake ikitajwa redioni, pamoja na hoja za vikundi ambavyo hatavitembelea maisha yake yote. Katika kilele chake, mwishoni mwa miaka ya 1940, mpango ulikuwa na vikundi vipatavyo 1,600, na kaulimbiu yake ilikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. Uliendelea hadi 1965. Zile dakika 5 zinastahili kuzingatiwa kuliko kitu kingine chochote katika habari hii, kwa sababu ndizo zilizomwondoa mkulima kwenye nafasi ya msikilizaji na kumfanya mshiriki. Alijua kuna mtu upande wa pili anayesoma alichoandika.

Mtu anaweza kusema kwamba wakulima wale wangejifunza vilevile kwa kusikiliza redio tu, na kikundi kilikuwa burudani ya jioni. Swali hilo lilipata jibu India. Mwaka 1956 UNESCO na All India Radio walijaribu mpango wa aina hiyohiyo katika vijiji karibu 150 vya eneo la Poona. Vilitangazwa vipindi 20, na kila kijiji kiliunda kikundi cha kusikiliza na kujadili. Mtafiti Paul Neurath, aliyefanya tathmini, hakuridhika na kuwahoji washiriki peke yao. Alivilinganisha vijiji vyenye vikundi na vijiji visivyo na vikundi, na miongoni mwa hivi vya pili kulikuwa na vilivyokuwa na redio. Watu wa vijiji vyenye vikundi walionekana kuongeza maarifa kwa kiasi kikubwa kuhusu mambo yaliyotangazwa. Wa vijiji vyenye redio bila kikundi waliongeza kidogo sana. Mawimbi yalikuwa yale yale na lugha ile ile. Kilichopungua ni watu wa kuulizana, “Umesikia alivyosema kuhusu panya? Hapa kwetu tutafanyaje?”

Tanzania ilichukua wazo hili na kulikuza kwa kiwango ambacho nchi chache zimewahi kukifikia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilianza kwa majaribio madogo: kampeni ya Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, kisha Uchaguzi ni Wako mwaka 1970. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, iliyokuwa na washiriki wapatao 20,000. Miaka miwili baadaye ikaja Mtu ni Afya, na hapo hesabu zikabadilika kabisa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki wakafika kama milioni 2, katika nchi ambayo kwa mujibu wa sensa ya 1967 watu wazima wawili kati ya watatu hivi walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi kikundi kimoja cha Mtu ni Afya kilivyofanya kazi, maana uzito wa hoja yangu umo humo. Watu walikutana kwa saa iliyopangwa, wengi wao wakiwa tayari wanafahamiana kwenye darasa la kisomo. Waliwasha redio wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara au kifua kikuu. Redio ikizimwa, mmoja anayejua kusoma alisoma kwa sauti sehemu ya kijitabu inayohusu mada hiyo, ili asiyejua kusoma naye awe na neno la kuchangia. Kisha mjadala: je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatuingiaje? Nini kiko ndani ya uwezo wetu? Kiongozi hakuwa daktari, wala hakutakiwa kujifanya daktari. Mafunzo yake, yaliyoshuka kwa ngazi kutoka taifa hadi chini, yalikazia namna ya kuuliza na kumpa nafasi aliye kimya, na kuhakikisha kikao hakimaliziki bila uamuzi. Uamuzi huo ulikuwa wa vitendo: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Kabla ya kampeni kwisha vyoo vilivyochimbwa vilikuwa vinahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Budd Hall na Tony Dodds waliandika kitabu kizima kuhusu kampeni hizi, na kwa muda mrefu wataalamu wa elimu ya mbali duniani waliitaja Tanzania kila walipotaka mfano wa kazi hiyo iliyofanyika kweli.

Hapa kuna pingamizi zito, na wanaolitoa wana haki ya kusikilizwa. Ilikuwa nchi ya chama kimoja. Miaka ileile watu walihamishwa kwa nguvu kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Tutajuaje kwamba milioni 2 hao walikuwa wanajifunza, na hawakuwa wamekuja kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi? Siwezi kukana kwamba chama kilisukuma mahudhurio, wala kwamba mada zilipangwa Dar es Salaam, si kijijini. Lakini amri haitoshi kueleza kilichotokea. Kuhimiza vyoo kwa sheria na faini kulianza enzi za ukoloni, na miaka mingi baadaye, mwaka 1973, bado ilikuwa lazima kufanya kampeni ya taifa zima kwa sababu vyoo havikuwapo vya kutosha. Mtu aliyeamriwa huchimba shimo la kumwonyesha mkaguzi. Aliyejadiliana na jirani zake namna uchafu unavyofika kwenye kisima chao ana sababu yake mwenyewe ya kuchimba. Kilichoongezeka mwaka 1973 ni mazungumzo, na kwa hiyo ndiyo ninayoyapa sifa.

Sasa turukie mwaka 2008, turudi Canada. George Siemens na Stephen Downes walifungua kozi ya wiki 12 kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba, mada yake ikiwa namna watu wanavyojifunza kwa mitandao. Wanafunzi waliolipa ada walikuwa kama 25. Waliojiunga bure kupitia intaneti walifika kama 2,200. Kozi haikuwa na jengo moja la mtandaoni ambamo wote walikusanywa. Kila mshiriki aliandika alipochagua, kwenye ukurasa wake au kwenye jukwaa la pamoja, na kila siku programu aliyoitengeneza Downes ilikusanya maandiko hayo na kuyatuma kwa wote kwa barua pepe. Ukiitazama barua ile kwa macho ya mtu anayejua habari za 1941, utaona ni zile dakika 5 za ofisi ya jimbo zikirudi kwa umbo jipya: mshiriki anaandika, maneno yake yanarudi kwa wenzake, wengine wanayajibu. Dave Cormier ndiye aliyeipa kozi ya aina hiyo jina la MOOC, yaani kozi kubwa ya wazi ya mtandaoni, jina ambalo sasa liko kila mahali.

Jina likabaki, kiini kikaachwa. Mwaka 2011 kozi ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Stanford iliandikisha watu kama 160,000, na mwaka uliofuata kampuni na vyuo vikubwa vya Marekani vikaingia kwa kishindo. Kilichotolewa kwa mamilioni ya watu kilikuwa video fupi na majaribio yanayosahihishwa na mashine. Mwanakozi alirudi kuwa msikilizaji. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za Harvard na MIT za miaka 6. Wengi wa waliojiandikisha hawakurudi baada ya mwaka wao wa kwanza, na mwaka 2017–18 waliomaliza kozi walikuwa kama asilimia 3 tu ya wote waliojiandikisha. Nikisoma takwimu hizo nakumbuka vile vijiji vya Poona vilivyokuwa na redio bila kikundi.

Watetezi wa kozi hizo wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba wengi hawakuingia kwa nia ya kumaliza. Walitaka somo moja, wakalipata, wakaondoka. Ni kweli kwa baadhi, na mtu aliyepata alichokitaka hajashindwa. Ila ahadi iliyotolewa mwaka 2012 haikuwa ya somo moja moja. Iliahidiwa kwamba aliyekosa chuo atapata chuo, na ahadi hiyo lazima ipimwe kwa waliofika mwisho. Jibu la pili lina nguvu zaidi: katika takwimu zilezile, waliolipia cheti walimaliza karibu nusu yao. Basi, wanasema, tatizo ni kujitoa kwa mtu, halina uhusiano na kikundi. Nami nakubali kwamba kujitoa ndilo jambo lenyewe. Lakini mwanakijiji wa 1973 hakulipa ada yoyote. Alichokuwa nacho ni wenzake waliojua jana hakuja, na waliomwona asubuhi akipita bila jembe siku ya kuchimba choo. Ada humfunga mwenye pesa. Kikundi humfunga hata asiye nayo, na kwa nchi zetu tofauti hiyo si ndogo.

Wapo pia wanaohofia kwamba kikundi kisicho na mwalimu husambaza ujinga kwa kasi zaidi. Yeyote aliyewahi kuona tiba za uongo zikizunguka WhatsApp hawezi kuidharau hofu hiyo. Hata kozi ya Manitoba iliguswa: watafiti walioifuatilia waligundua kwamba lugha kali na vitimbi vya washiriki wachache kwenye jukwaa la pamoja viliwafanya wengine wanyamaze na kuhamia kwenye kurasa zao binafsi. Lakini angalia kilichokosekana pale na kilichokuwapo Tanzania mwaka 1973. Kikundi cha Mtu ni Afya kilikuwa na kijitabu kilichoandaliwa na wanaojua, ambacho mbishi angeweza kurudishwa kwacho, na kilikuwa na mtu mmoja mwenye dhamana ya kusimamia mazungumzo. Hatari ya kikundi ni ya kweli, na dawa yake ilikwisha kujaribiwa katika nchi maskini kwa watu milioni 2.

Lililo gumu kulijibu ni kwa nini vikundi vile havikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta na vita ya Kagera vilikausha hazina ya taifa. Karatasi za kuchapia vijitabu zikawa adimu, betri za redio zikawa adimu, wakufunzi wakakosa usafiri, na kampeni kubwa zikazimika. Baadhi wanaona hapa uthibitisho kwamba mpango ulikuwa wa kubebwa na serikali na wafadhili. Naona uthibitisho wa jambo jingine: kuwakusanya watu wajifunze pamoja kunagharimu, na gharama kubwa ni ya kuwaandaa na kuwatunza wanaowaongoza. Waliokianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya 1992 walilielewa hilo, ndiyo maana chuo cha kusomea nyumbani kikafungua vituo mikoani ili wanafunzi wapate pa kukutana. Leo vyuo na wizara za Afrika Mashariki zinatangaza kozi za mtandaoni kwa walimu, wauguzi na maafisa ugani, na hotuba za uzinduzi hutaja vishikwambi, kasi ya intaneti na idadi ya walioandikishwa. Wananchi wanaolipia kozi hizo kwa kodi zao wana haki ya kuuliza pia ni viongozi wangapi wa vikundi wameandaliwa, wanalipwa nini, na nani anasoma wanachoandika washiriki.