"Uingereza Ndogo": maana na asili ya jina

Karne ya 19, wanasiasa wa Uingereza waliopinga dola yao kutwaa ardhi zaidi ng'ambo walibandikwa jina la "watu wa Uingereza Ndogo". Lilikuwa jina la kejeli kutoka kwa mahasimu wao: eti waridhika na kisiwa chao, ukubwa wauogopa. Fikra yenyewe ilianza na kina Richard Cobden na John Bright, walioona kuwa biashara huria yaleta faida bila gharama ya kutawala, ilhali makoloni hula kodi ya raia.

Mzozo huo ulitufikia Pwani. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoendesha shughuli zake kutoka Mombasa, ilipoishiwa fedha, mawaziri wa Gladstone waligawanyika kuhusu Uganda. William Harcourt wa fedha alitaka iachwe. Rosebery wa mambo ya nje alitaka ishikwe. Rosebery akashinda. Uganda ikatangazwa himaya 1894, na 1895 zamu ikawa yetu.

Lakini tusiwavike wapinzani hao kilemba cha ukoka. Wengi walilinda mfuko wa mlipakodi wa kwao, si haki ya mtu wa Mombasa. Kampuni ililipwa pauni 250,000 iondoke, na 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Sultani wa Zanzibar!

Jina lilivuma tena wakati wa Vita vya Makaburu (1899–1902), akaitwa hivyo hata David Lloyd George. Siku hizi Uingereza limegeuka: huitwa hivyo mtu asiyetaka wageni.